Matawi Matatu ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni fundi makochi, na mikono yake haina kasoro; kasoro iko mdomoni. Siku aliyotarajiwa afisa wa kodi, alifagia karakana mpaka chini ya meza ya kukatia vitambaa, akapanga stakabadhi zote mezani, akaniketisha kwenye kochi la mteja lililokuwa bado linanuka gundi.

"Na ubao je?" nikamuuliza.

Ubao wa mlangoni uliandikwa kwa rangi nyekundu: MAKAO MAKUU. TUNA MATAWI MATATU MJINI. Ndiyo maneno aliyotueleza alipokuja kumposa binti yangu. Matawi yenyewe sijayaona, na mjini nimezunguka mpaka soli zikalalamika.

"Mama, ubao ndio uso wa biashara. Nikiushusha, watu watasema nini?"

Alisema watu, lakini alinitazama mimi. Nikayaacha hayo. Mkwe hasukumwi.

Afisa alikuwa dada mpole, mwenye viatu vya kutembelea sana. Alipitia stakabadhi moja moja, akasifu usafi, mkwe wangu akaanza kupumua. Kisha akauliza, "Na za matawi ziko wapi?"

"Matawi?"

"Yale ya kwenye ubao. Nikikosa hesabu zake, itabidi nikukadirie kodi ya maduka manne."

Kodi hiyo ingemeza karakana, cherehani na sponji zote. Mkwe wangu akafungua mdomo, akanitupia jicho, akaufunga. Hapo nikajua anayemwogopa si serikali.

Nikainuka polepole, nikauvuta mkeka uliokuwa mlangoni. "Nautoa nje nikaukung'ute."

"Mama, si nimeukung'uta asubuhi?"

"Vumbi halina adabu, baba. Hurudi."

Huko nje niliupiga ule mkeka kama una kosa, ili hata nikitaka kusikia nisisikie. Mikono ilipoanza kuniuma, afisa akatoka, akausoma ubao tena, akauma mdomo asicheke, akaniaga kwa heshima na kwenda zake.

Mkwe wangu naye akatoka na ngazi begani, brashi na kopo la rangi mkononi.

"Karakana imepona?" nikauliza.

"Imepona. Ila mama," akasema huku akiikagua ngazi kana kwamba ni ngeni, "yale matawi nimeyafunga. Biashara ngumu siku hizi."

"Pole, mwanangu. Yote matatu kwa siku moja?"

"Yote."

"Haya, panda. Mimi nitakushikia ngazi."