Hodi ya Tatu

Unageuza uso tena. Wewe wa ofisi ya maji, unasoma barua hii huku jicho liko mlangoni, kama bosi anakuja. Tazama hapa.

Mdogo wangu mlimwita Binti Hodi. Jina mlimpa wenyewe, na mkacheka. Kila asubuhi alikaa kwenye kompyuta ya ofisini akiingia kwenye mashine za matangi ya mbali, moja baada ya nyingine: jina, neno la siri, fungua maji. Jioni tena: jina, neno la siri, funga. Vidole vilipochoka, akaandika programu ya kuingia badala yake.

Aliiandikia nyumbani, mama akichambua mchele.

"Inaibishia mashine hodi, mama. Ikisikia 'Karibu', inataja jina langu. Ikiulizwa neno la siri, inajibu."

"Na isipokaribishwa?"

"Inasubiri tu."

"Mpaka lini? Mgeni gani huyo hana haya! Hodi tatu, kimya, unaondoka. Unakwenda kusema wenyewe hawapo."

"Mama, hii ni kompyuta."

"Basi ifunzwe adabu!"

Tulicheka hadi mchele ukamwagika. Lakini aliifunza kweli: hodi tatu bila jibu, iache, imtumie ujumbe kwenye simu ya kazini, aende kufunga kwa mkono.

Programu ilipozoea kazi, bosi akaona mwenye programu hana kazi. Mlimsindikiza hadi getini. Wewe ulimbebea kikombe chake. Yeye akatoka, jina lake na neno lake la siri vikabaki ndani, vikitumika. Ujumbe wa hodi tatu ukakosa wa kuupokea. Bosi akasema mbele yenu, "Futeni hiyo takataka ya hodi tatu." Mkafuta, programu yenyewe mkaiacha.

Nakumbuka yaliyofuata, hata kama nyinyi mmeamua kusahau. Asubuhi moja programu ilifungua maji ya kujaza tangi la mlimani. Mchana mafundi wakaweka mashine mpya pale. Hiyo haikusema "Karibu", ilisema "Ingia". Jioni programu ikabisha, ikangoja lile "Karibu". Ikangoja. Maji yakafurika, ukuta wa tangi ukaangukia kibanda cha mzee muuza mkaa, akafia humo ndani.

Nani alifungua? Jina la mdogo wangu. Nani hakufunga? Jina lake. Walimkamata akianika nguo.

"Kaka," aliniambia rumande, "yule mzee alikuwa akiniita mwanangu. Mkewe yuko na nani sasa?" Hakuniuliza habari yake mwenyewe. Nililia barabarani kama mtoto.

Jana nilimpeleka mama rumande. Getini akapiga hodi. Kimya. Hodi. Askari akageukia simu yake. Hodi!

"Mama, tatu zimetimia. Twende."

"Hiyo ni ya kwa majirani," akasema. "Humu yumo mwanangu." Akakaa chini, mgongo ukutani, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwinua.

Kesho hakimu atauliza nani alikuwa kazini siku ile. Bosi ataonyesha jina. Wewe unajua mwenye jina alikwisha kuondoka, na unajua nani aliamuru kufuta. Usiniambie una watoto; mama yangu naye ana mtoto. Wakili wa mdogo wangu yuko ofisini kwake hadi jioni, mkabala na mahakama. Acha kiti hicho. Nenda sasa hivi, ukabishe hodi, useme.