Sifa za Mlipaji Mwema

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na mume wangu Suleiman alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Mwaka ule wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, tulikuwa na duka la unga na chumvi Embu mjini. Hakuandika madeni hata siku moja. Aliyabeba kichwani, na kila Jumamosi, siku ya soko, alisimama mlangoni akatangaza nani kalipa na nani kamkimbia.

"Mkopaji humjui kwa sura wala kwa shamba lake," alikuwa akisema. "Utamjua kwa alivyolipa jana. Akilipa kidogo vizuri, mwongeze."

Aliyemsifu kuliko wote alikuwa Ciakuthii, mjane aliyeishi na binti yake mdogo katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Mwanawe Njoka, mjane huyo alisema, amekwenda kutafuta kazi Nanyuki. Alianza kwa kukopa pishi moja, akalipa. Akapewa mbili, akalipa. Sasa alichukua debe zima kila wiki, na kila Jumamosi alileta pesa yeye mwenyewe.

"Mwigeni Ciakuthii!" Suleiman aliwapigia kelele wenye madeni. "Debe zima, na sijawahi kumfuata!"

Nilimwomba anyamaze. Mjane na mtoto mmoja hawamalizi debe la unga kwa wiki, na msitu walimojificha wapiganaji wa Mau Mau haukuwa mbali. Akanicheka. Nilimkasirikia mpaka nikashindwa kula.

Jumamosi iliyofuata Gitari aliingia dukani. Alikuwa homgadi, mtu wa serikali kule kijijini kwa Ciakuthii. Alikaa juu ya gunia, bunduki magotini.

"Mzee Suleiman, huyu mama unasifu kila siku, hii unga yote inaliwa na nani?"

Nilimwona mume wangu akielewa. Akajibu upesi.

"Ciakuthii? Nilikuwa namsifu tu ili wengine waone haya walipe. Hajalipa hata senti, bwana. Sasa mtu asiyelipa, mimi nitampa debe la nini?"

Gitari alifikiri. Yeye mwenyewe alikuwa na deni la chumvi kwetu, na alijua tulivyomnyima sukari kwa sababu hiyo.

"Kumbe wewe ni mwongo tu," alisema akicheka. Akainuka, akaitundika bunduki begani.

Ndipo nilipomwona Ciakuthii karibu na mlango, ameshika fundo la kitambaa. Nilikimbia nikamzuia.

"Tumefunga, mama. Rudi nyumbani." Nilimkonyeza mpaka jicho likauma.

Hakuliona jicho langu. Alikuwa amesikia maneno ya Suleiman, na macho yake yalijaa machozi ya hasira.

"Mama Hidaya, mimi sijalipa hata senti? Mimi? Watu wote soko hii wanajua mimi silali na deni ya mtu."

Alinisukuma akapita. Alifungua fundo juu ya meza, akapanga shilingi zake moja moja mbele ya Suleiman.

"Hii ni ya debe ya wiki jana. Hesabu, mzee. Halafu uambie watu ukweli."

Gitari aliteremsha bunduki, akakaa tena juu ya gunia.

"Hesabu, mzee," alisema taratibu. "Hesabu kwa sauti."

Suleiman alishika shilingi ya kwanza. Ciakuthii alisimama wima kando yake, akingoja kusifiwa.