Oga Kwanza

Mama anayeogopa macho ya jirani kuliko kumkosa mwanawe, na asikie yaliyompata Shappira wa Kokaba.

Alikuwa uani akipepeta dengu alipomwona binti yake Yokebedi akipanda njia, amekumbatia kitoto. Hawakuwa wameonana tangu Yokebedi aolewe na Teodoro, muumini wa kanisa la askofu kule mjini. Mjukuu huyu Shappira alikuwa hajampakata.

Alinyoosha mikono, kisha akairudisha. Hogla, jirani yake, alikuwa ameegemea ukuta anatazama. Watu wa Kokaba walijiita Maskini: walimwamini Yesu kuwa ndiye Masihi, na Torati wakaishika vilevile. Nyama hawali, na aliyetoka kwa wasioishika hawamgusi mpaka ajitose kijitoni.

"Oga kwanza, mwanangu."

"Maji yenyewe barafu, mama. Na mtoto je?"

"Naye mchovye tu, umtoe."

Yokebedi alicheka kidogo. "Kule wananiita maskini wa akili. Nikipika mboga, mama mkwe anauliza kama kwetu tunafugwa pamoja na mbuzi. Navumilia, najisemea nina kwetu."

"Kwenu si ndiyo hapa? Oga, uingie."

"Nikioga nimekubali kwamba baba yake huyu ni najisi. Na mtoto mwenyewe pia. Mpokee hivihivi, mama."

Mtoto alichomoa mkono, akashika upindo wa shela ya bibi yake. Shappira aliuvuta polepole mpaka vidole vikaachia.

"Torati ni Torati," alisema, kwa sauti ya kumfikia Hogla.

"Haya, mama. Ubaki salama."

Shappira alimwona akishuka, akadhani anakwenda kuoga. Akawasha moto, akatenga nguo kavu, akangoja. Alipokwenda kijitoni hakukuta mtu, ila nyayo zilizoelekea barabara ya mjini.

Wakati wa mavuno habari zikaja kwamba Teodoro amehamishia jamaa yake Antiokia, safari ya siku nyingi. Shappira alilia mbele ya Hogla bila kujificha.

"Lakini shoga," Hogla akamwambia, "ungempakata tu, halafu ukaenda kuoga wewe. Nani angekukataza? Mimi wanangu wakitoka sokoni ndivyo nifanyavyo."

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Uliniuliza? Mimi nilisimama pale nimwone mtoto."