Maiti Iliyonyimwa Watani

Katika nchi ya Uwandani, Pundamilia na Nyumbu walikuwa watani. Akifa Pundamilia, Nyumbu ndiye aliyemwosha, akamzika, kisha kaburini akasema lolote alilolijua bila kumwogopa yeyote: ulafi wa marehemu, woga wake, hata nani kamuua. Mtani hakushtakiwa kwa neno la msibani. Na marehemu asiyetaniwa, waliamini, hajui kwamba amekufa. Hurudi nyumbani akiuliza wanalia nini.

Spika Pundamilia, aliyependwa pande zote mbili, alipokutwa amekufa kwenye malisho ya Nyumbu, Mfalme Chui aliita Baraza. Alilia vizuri sana. Machozi yake yalikuwa tayari kabla wajumbe hawajakaa.

"Kwa ajili ya usalama," alisema, "maiti imeoshwa na kushonewa sanda Ikulu. Nyumbu hawataukaribia msiba huu mpaka uchunguzi ukamilike."

Mzee Nyumbu, rafiki wa marehemu tangu utoto, alisimama. "Mtukufu Mfalme, sasa nani atamtania?"

"Hatutaki mizaha wakati huu wa majonzi."

"Siombi mizaha. Naomba kumwona."

"Kaa chini, mzee wangu," alisema Chui kwa upole, na wajumbe wakapiga makofi. Aibu iliyoje! Baraza zima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ile sanda inaficha nini.

Mzee Nyumbu alikwenda msibani hivyo hivyo. Mjane alikuwa amekaa kando ya maiti, hoi kwa hofu, kwa maana tangu asubuhi alikuwa akimsikia mumewe akikohoa uani.

"Shemeji, niruhusu nimwoshe."

"Mumuue, kisha mje mumwoshe?"

"Umeliona tundu la pembe? Fungua sanda, shemeji. Ukiliona, niue wewe mwenyewe."

Mjane aliinamia mshono, akasita. Vijana wa Pundamilia waliokuwa mlangoni hawakumsubiri. Walimpiga mzee mateke mpaka akaacha kujitetea, na wakaendelea hata baada ya hapo.

Kabla jua halijazama, Nyumbu walikuwa wamevuka mto kulipiza kisasi. Kila boma likatoa maiti yake.

Hapo ndipo mjane alipoichana sanda kwa meno. Kooni hapakuwa na tundu la pembe. Palikuwa na alama za meno marefu, meno ya mnyama asiyekula majani. Alitoka nje akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Ni Chui! Jamani, njooni mwone! Ni Chui aliyemuua!"

Vijana walikuwa uani wakinoa kwato zao kwenye mawe. Mmoja, damu imemkaukia shavuni, aliinua kichwa.

"Tumekusikia, mama," alisema, na kweli alikuwa amesikia. "Lakini mdogo wangu ameuawa leo, na aliyemuua ni Nyumbu. Nilimwona."

Akaendelea kunoa.