Majani ya Jana Mezani

Laiti Alfayo angekuwa mvivu, angekuwa ameshafika kwao ziwani zamani. Lakini alikuwa fundi wa kuivisha chai, na katika mashamba ya chai ya Kericho miaka ile, fundi alishikwa kuliko mwizi. Mama yake alikuwa kitandani tangu mvua za Aprili, akiuliza kila jioni kama Alfayo ameonekana njiani. Na bila sahihi ya bwana mzungu wa shamba kwenye kipande chake cha kazi, angekamatwa kabla hajafika Sondu.

Bwana mwenyewe alisema, juu ya kijana aliyempa Alfayo amfundishe kazi, “Siku Phelix natengeneza chai mzuri peke yake, mimi natia sahihi.”

Basi Alfayo alimfundisha Phelix kwa roho yake yote. Chumba cha kuivishia chai hakikuwa na dirisha la maana; kilikuwa na meza za saruji na joto lililokaba koo. Majani yaliyosagwa yalitandazwa pale, yakageuka rangi polepole kutoka kijani hadi ya shaba.

“Omera, ndugu yangu, kichocheo ya kuivisha chai iko ndani ya jani yenyewe,” alimwambia. “Ukiisaga tu, imeamka. Wewe kazi yako ni kuizuia. Baridi inapunguza mwendo, moto wa tanuri inaisimamisha kabisa.”

“Nimesikia, Baba Ajwang,” Phelix alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe.

Kusikia alisikia. Ila Phelix alilelewa na mama mpika pombe ya busaa, na kwa mpika busaa kitu hakiumuki bila chachu ya jana. Siku ya mtihani, alipoona majani yanakawia na bwana anakaribia kuja, alichota makapi ya jana yaliyobaki kwenye ndoo, akayafukia katikati ya majani mapya mezani.

Alfayo alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, amekatazwa kuingia. Harufu ya uchachu ilimfikia pale pale. Alijua la kufanya: kukaa. Lakini chai ikiharibika, Phelix atafukuzwa, naye ataanza upya na mwanafunzi mwingine. Akiingia, mtihani si wa Phelix tena. Alijiona kama panya ndani ya debe.

Bado anapima, mikono ikatangulia. Alijikuta ndani, akizoa makapi yale pamoja na majani yaliyoguswa nayo, akitandaza yaliyosalia kwa tabaka jembamba, akitundika mashuka yaliyolowa maji ili chumba kipoe. Harufu ilipokuwa tamu kama ya tufaha, akapaza sauti, “Sasa! Peleka tanuri!”

Bwana alionja kikombe jioni ile mbele ya watu wote. Akafumba macho. “Chai namna hii mimi bado kunywa hapa. Nani natengeneza?”

Alfayo alimkazia Phelix macho, akimwomba kwa moyo wote aseme uongo. Phelix akamwona, akadhani rafiki yake anaona haya kusifiwa.

“Ni Baba Ajwang, bwana!” alisema kwa furaha. “Mimi nilikuwa nimeiharibu. Yeye ndiye ameiokoa.”

Bwana akacheka, akamshika Alfayo bega. Kuanzia leo, akasema, Alfayo ni mnyapara wa chumba kile, na atapewa nyumba ya mawe. Watu wakapiga makofi, Phelix akipiga kuliko wote.

“Na sahihi, bwana?” Alfayo aliuliza. “Mama yangu ni mgonjwa.”

“Sahihi?” Bwana alishangaa kweli kweli. “Mtu kama wewe? Hapana, Alfayo. Wewe hapana toka hapa.”