Mikono Iliyobeba Mawe

Kamati ya jubilei ya kanisa moja huko Izigo ilimpa mchoraji Edvina picha ya siku kanisa lilipofunguliwa, ili aichore upya kwa rangi kwenye ubao mkubwa wa kutundikwa ukutani kanisani. Pichani padri ameinua mkono, wazee wameshika fimbo, na nyuma wamesimama wanawake sita, mikono yao imefichwa ndani ya kanga.

Edvina alikwenda kwanza kwa Ma Kokuhirwa, bibi wa karibu miaka tisini, aliyebaki hai peke yake kati ya wale sita.

"Kwa nini mlificha mikono?"

"Mpiga picha alituamuru. Tulikuwa tumebeba mawe kutoka mtoni miezi minane, mikono imepasuka inatoka damu. Alisema tutamharibia picha."

Edvina akaichora mikono ile ikiwa nje, mipana, ina mipasuko, kila mmoja umekumbatia jiwe.

Mwenyekiti, Ta Bartholomayo, alipoletewa ubao kwenye kikao ndani ya kanisa, aliunyooshea kidole.

"Mkono wa padri unabariki," alisema. "Mkono wa mzee unashika fimbo, maana ni wa kuongoza. Mkono wa mama hutulia. Ndiyo heshima. Ifunike."

"Waitu, mzee wangu, fimbo haikujenga ukuta huu."

"Ifunike, au uondoke na ubao wako."

Ma Kokuhirwa, aliyekuwa amekaa nyuma, akajikokota hadi mezani. Akavilaza viganja vyake juu ya karatasi za kamati.

"Basi anzeni kunifunika mimi."

Mwenyekiti hakubadili neno. Edvina akaupakia ubao kwenye pikapu ya ndizi, akaenda nao Bukoba, akautundika nje ya duka la dada yake la kushonea nguo, mtaa wa Miembeni. Siku ya jubilei ukuta wa kanisa ulibaki mtupu.

Habari zikafika. Wanawake wa Izigo wakija mjini wakawa wanapitia dukani. Mmoja wao, Penina, alisimama mbele ya ubao mpaka jua likamchoma.

"Mama yangu naye alibeba," alisema. "Hayumo pichani. Siku ile alikuwa anajifungua."

"Mikono yake ilikuwaje?"

"Midogo. Lakini alikuwa hashindwi."

Edvina akafungua kopo la rangi. Kufikia Pasaka, wanawake ubaoni walikuwa kumi na mmoja, na wazee wenye fimbo ilibidi wasogezwe pembeni.