Gari Lililogoma Sekei

…na kama limekufa kweli, mbona lilikuwa linanguruma vizuri tu tangu Levolosi, likapanda hadi hapa Sekei bila kukohoa, mpaka Prosper mwenyewe aliposimama eti aangalie maji ya rejeta, akafungua boneti, akafunga, akarudi kukaa, akazungusha ufunguo, kimya, akasema limegoma, akashuka tena, na sasa boneti liko juu na Evaresta amebaki kitini, sweta jipya la mtoto mapajani, analitazama lile bati la bluu lililomfichia uso wa mumewe, amekatazwa kugusa ufunguo lakini ameuzungusha kidogo, hata taa moja ya dashibodi haikuwaka, na hii betri si imenunuliwa juzi tu, labda fyuzi, labda, yeye anajua nini kuhusu magari, anajua kitu kimoja tu, siku ile ya uchumba walipokwama njia ya Usa River mpaka jua likazama, na baada ya harusi Prosper akamwambia huku akicheka kwamba gari lilikuwa zima, alilegeza waya wa betri ili wasiachane mapema, naye akacheka mpaka machozi… leo hacheki, leo huko juu migombani yuko Rachel wanayekwenda kumchukua, mtoto ambaye Prosper alimpata nje ya ndoa na Susana, na Susana sasa amelala chini ya udongo kando ya kahawa za mama yake, na ni Evaresta aliyesimama mbele ya wazee wa usharika akasema mtoto hana kosa, nitamlea, wakamsifu, mchungaji akamshika mkono, sasa huyu mwanamume anaogopa nini, si damu yake mwenyewe… anasema nini huko mbele, kitu kuhusu fundi wa Elerai, kwamba bora wageuze, waje wiki ijayo, Evaresta ameinama kidogo, na kwenye upenyo chini ya boneti anaiona mikono ya mumewe, haifungui kitu, haikazi kitu, imetulia tu juu ya betri, mwongo wee, mwongo wa siku zote, halafu hasira inamgeukia mwenyewe, kwa sababu ufunguo ulipozungushwa pakawa kimya, kabla hajashuku lolote, kifua chake kilishuka, alishukuru, Mungu amsamehe, alishukuru, na asubuhi alitandika kile kitanda kidogo cha Rachel, akakitandua, akakitandika tena, akaketi juu yake akashindwa kuinuka, na Prosper alikuwa mlangoni, aliona, kumbe huenda leo waya umelegezwa kwa ajili yake yeye Evaresta… simu inaita, ni mama Penina, mama yake Susana, bibi wa mtoto.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mmefika wapi? Huyu mtoto amekataa kula, anasema atakula na nyie.”

…na neno liko tayari ulimini, gari limeharibika, neno jepesi, nani atamlaumu mtu kwa ubovu wa chuma, wiki ijayo litapatikana jingine, mtoto atakula mwenyewe, atazoea kula mwenyewe, watoto huzoea, ndiyo, huzoea, na hilo ndilo linalomtisha sasa kuliko kitanda chochote…

“Tuko Sekei, mama. Gari ni zima. Mwambie tunakuja.”

…amesema kwa sauti, dirisha liko wazi, na Prosper amechungulia pembeni mwa boneti, anamtazama, naye anamtazama, wala hateremshi macho, na mkono wa mumewe bado uko juu ya betri.